Niliyoyasema Yalirushwa Mtandaoni

Nusaiba shoga, uko? Wallahi nimejianika.

Mkutano wa utafiti wa ukimwi mwaka huu una jambo jipya. Sisi tunaoishi na virusi tunapewa kipaza sauti tuwaulize watafiti maswali. Nikasimama, nikasema, "Mimi nina virusi mwaka wa tisa sasa."

Mwaka wa tisa! Kwa kinywa changu!

Kumbe mwaka huu pia wanaurusha moja kwa moja mtandaoni. Sikujua.

Kaka Taufiq akanipigia kutoka Kisauni. "Yule ni wewe?"

"Ni mimi."

Akakata.

Ukumbi mzima ulinipigia makofi. Sasa niko peke yangu nyumbani Kiembeni, nimetolewa kwenye grupu la familia, na mama hashiki simu.

Aliyekuwa akijua ni wewe tu. Njoo tukae, hata usiposema kitu.