Mtu wa Kusema Kata

Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na cherehani haikusumbui. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Nilikwambia kwamba mbali na kuigiza yule daktari, safari hii kituo cha televisheni kimenipa na kazi ya kuiongoza tamthilia yenyewe, kwa majaribio. Sehemu ya kwanza imeharibika, na ubaya si hadithi, ni mimi. Nikiwa mbele ya kamera sijioni, kwa hiyo lazima mtu akae kwenye skrini aseme "kata" ninapokosea. Msaidizi wangu ananiogopa. Wote wananiogopa, maana mimi ndiye nyota wao. Kila nikigeuka naambiwa, "Safi sana, bosi." Juzi tumeitazama na mtayarishaji. Muda wote akawa anafuta miwani tu. Mwishoni akaniambia nikiharibu tena nitabaki na koti la daktari, na kiti cha mwongozaji atapewa mwingine.

Mama, kile kiti sikitoi. Nimekitaka tangu nianze kazi hii. Naomba uje ukae kwenye skrini. Wewe hujawahi kuniogopa.

Mwanao

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linapanda ngazi likitaka. Nina sare za shule zimejaa meza hadi dirishani, na wewe unataka nikafundishe watu televisheni. Haya, nakuja.

Ila tuelewane kabisa. Ukidanganya, nitasema. Unakumbuka ile homa yako ya siku za mtihani wa hesabu? Ulikuwa unajifunika blanketi na kutetemeka, baba yako anahangaika na dawa, mimi nakutazama vidole vya miguu. Vilikuwa vimetulia tuli. Kwa hiyo usije ukaninunia mbele za watu.

Na mnitafutie kiti chenye mgongo. Vile vya kukunja sivitaki.

Mama yako

Tarehe 27 Februari

Mama,

Shikamoo. Umefika salama? Huku bado unazungumzwa. Mpiga picha anasema hajawahi kusikia "kata" ikisemwa na mtu anayetafuna karanga. Sikufichi, ile ya kwanza ilinichoma: "Kata. Huyo mgonjwa humwoni, unajitazama mwenyewe." Lakini tulirudia, tukarudia, mpaka sehemu ya pili ikakaa sawa.

Mtayarishaji ameipenda. Baadaye mwaka huu wananipa msimu mzima niongoze, mradi daktari awepo kila sehemu, kwa sababu watazamaji wanamfuata yeye. Nimepata yote mawili, Mama.

Mbona basi ulinyamaza njia nzima hadi stendi? Kama kuna neno, liseme tu.

Mwanao

Tarehe 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Barua hii nimeiandika, nimeichana, nimeiandika tena.

Nilinyamaza kwa sababu neno nililokuwa nalo halisemwi ndani ya gari huku dereva anasikiliza. Ile sehemu ilikaa kwa kuwa nilikukatakata mpaka ukachoka kuigiza. Huo ulikuwa uchovu, mwanangu. Lakini kuna kitu kingine nilikiona. Yule binti anayeigiza muuguzi alipokwama, ulichuchumaa mbele yake ukamwambia polepole, "Usijilazimishe kulia. Tafuta kalamu, na usiipate." Akaanza kupekua mifuko, anarudia mfuko uleule, nami nikajikuta nimeshika kifua. Pale nilimwona mtoto wangu. Ulipovaa koti, ukapotea tena.

Wewe si mwigizaji mzuri. Una sura na una sauti, watu wamekupenda, na mimi nimefaidi. Mtaa mzima unaniita Mama Daktari, hata kwenye foleni napishwa. Kwa hiyo siandiki haya kwa raha. Lakini ulisema unakitaka kile kiti. Kama ni kweli, basi vua koti.

Mama yako anayekupenda

Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Simu hupokei, barua hujibu. Fundi redio wa hapa jirani ameona picha yako gazetini, basi najua u mzima.

Nuna. Una haki ya kununa, nimekuumiza na mimi mwenyewe imeniuma. Ila sifuti hata neno moja. Kula vizuri.

Mama yako

Tarehe 19 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nilikasirika hasa, mpaka nikaamua nikuonyeshe kwamba umekosea. Nikaomba kanda zote za zamani, nikajifungia chumba cha kuhariri, nikazima sauti, nikaanza kumtazama daktari wangu tangu alipoajiriwa. Mama, yule bwana ana uso mmoja. Mtoto amezaliwa, uso ni huo. Mgonjwa amefariki, uso ni huohuo. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha na mimi bado nimekaa pale.

Wiki iliyopita nikaenda kwa mtayarishaji kumwambia daktari afe. Alidhani natania. Alipoona sitanii akasema bila sura yangu hanipi msimu mzima, ananipa nusu, na watazamaji wakikimbia nifungashe virago. Tena hapatakuwa na koti la kurudia, maana maiti hafanyi zamu. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, lakini alete kalamu. Nikatia sahihi. Safari hii hata vidole vya miguu vilitetemeka.

Daktari anakufa mwezi ujao. Niliogopa sana kukwambia, kwa sababu jina la mtaani unalipoteza wewe. Ila sirudi nyuma.

Mwanao, mwongozaji

Tarehe 2 Novemba

Mwongozaji wangu,

Marahaba. Goti limezidi, kwa sababu foleni sasa nasimama kama binadamu wengine. Daktari tumemzika salama. Wateja walikuja kunipa pole, mmoja na sukari mkononi, nami nikapokea nikijikaza nisicheke. Lakini wapo waliosema hawatatazama tena, na wengine kweli wameacha. Sikufichi hilo, ujue unapambana na nini.

Jana jioni nilikuwa napiga pasi shati la mteja, la kuvaa harusini. Nikawasha televisheni nikukosoe. Nilijiandaa hasa, hata miwani nilivaa ile ya kushonea. Ikaanza pale muuguzi anapompigia baba yake kumwambia kazi imembana, hatakwenda nyumbani. Mzee anasikiliza. Simu iko sikioni, na mkono mwingine unakunja kitambaa cha meza, unakikunjua, unakikunja tena. Wateja waliofuata nguo zao wakasimama mlangoni, na hakuna aliyeniuliza nguo. Nilikuwa namsema yule binti kwa sauti, namwambia aende tu, kazi itamngoja. Moshi ndio ulionishtua. Pasi ilikuwa imekula kola yote.

Nikaichomoa, nikarudi kukaa, nikatazama hadi mwisho nikiwa na shati bovu mapajani. Kisha majina yakaanza kupita, likatokea lako.

Mwanangu, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni wewe.

Mama yako