Mizani ya Kununulia Samaki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Dereva anayekuletea barua hii nimempa dawa ya kuchua, ujipake mwenyewe wala usimgawie jirani. Mimi mzima, nanenepa, na baridi ya asubuhi ya Malaba nimeizoea. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshalia.

Najua Mjomba Bakari ameniwekea nafasi dukani kwake, na wewe umemwahidi nitarudi mwezi huu. Kwa kweli wiki iliyopita nilikaribia kurudi. Hebu sikiliza.

Mzee Emojong, mwenye gereji, aliniambia wazi kwamba hajawahi kuajiri mwanamke wa kushika spana. Akanipa kazi ya kunijaribu: mashine ya kukata nyasi ya misheni, kisu kinayumba. Nikiiweza nabaki, nikishindwa nipande basi. Kisu hicho kinashikwa na spindo, yaani mhimili mfupi unaozunguka kwenye beringi mbili, na nati ya juu ndiyo inayozibana. Nikafanya alivyonifundisha marehemu baba kwenye habu za magurudumu ya malori pale Mariakani: kaza, kisha legeza kidogo zipate kupumua. Looh! Uwanja wa misheni ulitoka kama kichwa kilichonyolewa gizani. Mzee akaniachia mara moja tu ya kurudia. Kumbe spindo haitaki kupumua hata chembe. Inataka kubanwa mpaka ukiizungusha kwa mkono uhisi inakukatalia kidogo. Ikilegea kisu kinayumba, ikizidi beringi zinaungua.

Sasa hicho kidogo ni kiasi gani? Karatasi iliyokuja na beringi ilisema izungushie kamba, vuta kwa mizani, ikianza kuzunguka kwa kilo mbili umefika. Gerejini mizani hakuna. Nikavuka barabara kwa Mama Nekesa, muuza samaki wa mbuta. Ndiye yule niliyekwambia alinipa chumba nilipofika huku simjui mtu, na mwezi wa Ramadhani, Mkatoliki yule, alikuwa akinifunikia uji mpaka adhana ya magharibi. "Chukua hii," akasema, akanipa mizani yake ya ndoano. "Lakini usiniletee ikinuka grisi. Watu watasema samaki yangu imetoka kwa injini."

Nikakaza mpaka ikasoma kilo mbili barabara. Tukawasha. Hata robo saa haikupita, harufu! Grisi inachuruzika, nikagusa chuma nikaungua vidole. (Usilie, vimepona.) Kufungua, beringi zimegeuka buluu.

Nikaishuku mizani. Pale pale mlangoni nikatundika pakiti ya unga ya kilo mbili, haijafunguliwa. Ikasoma kilo moja na robo. Mama Nekesa ana mizani mbili, moja ya kuuzia na moja ya kununulia kwa wavuvi, na mimi alinipa ya kununulia, ile inayopunja uzito.

Mzee Emojong akaja akanisimamia. "Hii kitu imechomeka. Ulifanya nini?"

Ng'ambo ya barabara wateja walikuwa wamemzunguka Mama Nekesa, na gerejini madereva tele. Ningesema neno moja tu, yule mama angekosa wa kumuuzia. "Nilikaza mno, mzee," nikasema, na si uongo.

Akatikisa kichwa. "Basi, kusanya vitu zako."

Nililia, mama, siwezi kukuficha. Nafunga mkoba, namwona Mama Nekesa anavuka barabara mbio, leso inamtoka kiunoni, mizani zote mbili mkononi. Alikuwa ameniona nikipima ule unga. "Si huyu mtoto, Emojong! Ni mizani yangu inadanganya!" Akasema hivyo mbele ya wateja wake wote. Mteja mmoja akamwangalia samaki wake, akauliza, "Na hii yangu je?" Gereji nzima tukaangua kicheko, hata Mama Nekesa mwenyewe, machozi yanamtiririka.

"Sasa utapima na nini?" mzee akaniuliza.

"Na unga," nikasema.

Nikatia beringi mpya, nikaibana spindo kwenye jiliwa la mezani ikalala, nikaizungushia kamba na kuining'iniza ile pakiti yenyewe. Nati ikilegea, unga unaanguka puu. Ikikazwa mno, unaning'inia tu. Nikakaza kidogo kidogo mpaka pakiti ikashuka polepole, kwa adabu. Madereva wakapiga makofi.

Tukaiendesha saa nzima. Mzee Emojong akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo. Vuguvugu. Hakunisifu, si mtu wa sifa. Alisema tu kwamba misheni wana mashine nyingine mbili, kesho nikazichukue. Mama Nekesa naye siku hizi anauza kwa kukadiria kwa macho, na wateja wamezidi. Nusu yao wanakuja kumtania.

Nisalimie shangazi Rukia wa maandazi, na mdogo wangu Saumu, asiache cherehani. Mjomba Bakari mpe salamu za heshima, umwambie ile nafasi ya dukani ampe mwingine. Usinikasirikie, mama. Nimekukumbuka sana, ila hapa nahitajika.

Ni mimi binti yako,
Mwanaisha, fundi