Kurudi Kwetu Siku Isiyo Yangu

Jumatano, 7 Februari

Tumefika kijijini kwa kina Jianbo, mume wangu, kula mwaka mpya wa Kichina, wa pili tangu tuoane. Nimevaa sweta la kola ndefu. Juzi alinikaba shingo, eti nacheka sana kwenye simu. Usiku akanikumbatia kama kwamba hakuna kitu! Kwake yeye kitanda ndiyo samahani. Mimi nikautazama ukuta. Mwili wangu hausahau upesi hivyo.

Alhamisi, 8 Februari

Napara samaki na mama mkwe. Akaziona alama shingoni mwangu. Eti hasira za vijana ni moto wa mabua. Eti na mimi mwaka jana si nilimtupia Jianbo kandambili, wote wakacheka? Kweli walicheka. Nikitupa mimi, mchezo. Akikaba yeye, siri ya nyumba.

Nikamwambia, “Mama, kandambili haikumwachia alama.”

Akaendelea kupara.

Jumamosi, 10 Februari

Mwaka mpya. Leo hakuna kufagia, hakuna kugombana, hakuna kulia — bahati itatoka. Nikamwambia Jianbo: kesho, siku ya mabinti walioolewa kwenda kwao, nitakwenda na sirudi. Akanirushia bakuli. Likapita sikioni, likapasukia sakafuni.

Mama mkwe akapiga kelele, “Fagio lisiguswe!” Halafu kwangu: “Mkwe, tabasamu, wageni wanakuja.”

Nitabasamu? Nikavuka vigae, nikachukua sanduku. Jianbo mlangoni, sauti laini ghafla: “Mke wangu, tutayamaliza usiku.”

Hayamaliziki usiku! Na kesho siingoji.

Saa kumi jioni. Nje ya mlango wa kwetu. Binti aliyeolewa akiingia kwao siku ya kwanza, nyumba hufilisika — ndivyo tulivyolelewa. Mdogo wangu Zhenhua akachungulia dirishani.

“Dada, si kesho? Shemeji yuko wapi?”

Nikashusha kola. Akaondoka dirishani.

Mama, kutoka ndani: nikalale gesti ya kituoni, kesho watanipokea kwa fataki. Analia, na leo hakuna kulia. Baba, nasikia kikohozi chake tu.

Nimekalia sanduku, naandika, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Naogopa. Lakini siondoki! Kama mlango huu unaogopa mkosi kuliko shingo yangu, waniambie usoni.

Sasa komeo linalia. Ama linafunguliwa, ama linakazwa. Nimesimama, kola chini —