Ufa wa Runinga ya Baba

Chumba namba kumi na nne,
Ghorofa ya tatu, nyuma ya ghala la magodoro.

9 Septemba. Ni miaka minne na miezi mitano tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto. Mimi sijambo, ukiacha mgongo, ambao siku hizi unaamka baada yangu. Goti lako je? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi kwa ubavu kama kaa. Ikiwa bado hujakwenda kulionyesha, nenda. Sisi tunaobeba tunajua kwamba goti halijitibu.

Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo lenyewe ni la kuonyesha kuliko kusema. Tena kwenye simu ukisikia tu neno "baba", ghafla kuna sufuria inaungua jikoni kwako. Kwa hiyo nimeandika. Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo nimekifunga kwa karatasi. Usikitupe, nitakieleza mbele.

Kazi ni ileile ya kuhamisha vyombo vya watu. Tuko wanne na dereva. Tunashusha makabati, majokofu na vitanda, tunapakia, kisha tunakwenda kuvipandisha ngazi nyingine. Wiki iliyopita tulishusha piano kutoka ghorofa ya tano, lifti mbovu, na mwenyewe amesimama juu yetu akisema "polepole, polepole", kana kwamba tulikuwa tunakimbia nayo. Msimamizi wetu hana maneno mengi. Ana saa tu.

Mama atakuwa alishakuambia habari ya runinga zangu, tena kwa kulalamika. Ni kweli. Ninakusanya runinga za zamani, zile nene zenye chogo nyuma. Watu wakihama hawazitaki. Huniambia niziache karibu na pipa la taka, nami nazipandisha garini. Ilianza moja, sasa ni saba. Nazifungua, natoa vumbi, natafuta kilichokufa, nakibadilisha, nasugua mbao mpaka zirudishe rangi. Siuzi. Nikimaliza moja naiwasha, naitazama kama nusu saa, naizima, naifunika kitambaa. Siku sita nabeba vitu vya watu, ya saba nakaa mbele ya kitu kimoja ambacho hakiendi popote.

Mwenzangu wa chumba ni mpishi wa hoteli, mtu wa kucheka ovyo. Ananiita Bwana Chogo. "Bwana Chogo, hivi wewe huku ulikuja kutafuta maisha au kutafuta runinga?" Namwambia asogeze miguu nipite. Ameanika soksi zake kwenye antena ya ile ndogo, na mimi nimemwacha, maana yeye ananivumilia mengi zaidi.

Aliyenifundisha ni mama mmoja anayeuza vipuri vilivyotumika, sokoni, nyuma ya wauza viatu. Zamani alikuwa fundi kwenye karakana ya redio, kabla haijafungwa. Ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na bado utamkuta anatafuta miwani. Siku ya kwanza alinichapa mkono kwa mpini wa bisibisi.

"Wewe mbeba makabati! Unashika hapo na hujautoa umeme?"

Nikamwambia, "Plagi nimechomoa, mama."

"Plagi umechomoa, umeme umo. Hiki kioo kinaweza kuweka umeme hata siku nzima baada ya kuzimwa. Kama unataka kufa, nenda kafie kwenye makabati yako, usinifungie biashara."

Tangu siku hiyo natoa umeme kwanza, kwa waya, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Mkono mmoja, alisema, ili umeme ukikupiga usipite kwenye moyo kwenda mkono wa pili. Niliishia darasa la saba, na sikumbuki kama kuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo nikalielewa upesi hivyo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwezi wa saba tulihamisha nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Sebuleni, chini ya rundo la magazeti, nikaiona runinga ya baba. Si yake hasa, ila pacha wake: kabati la mbao, milango miwili ya kufunika kioo, vitufe sita upande wa kulia, na miguu minne iliyotanuka kama ya ndama. Nilisimama nayo mikononi mpaka dereva akapiga honi. Mwalimu akaniambia, "Ichukue, lakini haifai kitu. Ilikuwa inataka kofi ndiyo ionyeshe. Mwisho ikakataa hata makofi."

Unaikumbuka yetu, Dada. Picha ikianza kucheza, kofi la ubavu. Baba kwa kile kiganja chake cha uashi, mama kwa ndala, mimi kwa ngumi, wewe kwa ncha za vidole, tukakucheka kwamba unaibembeleza. Hakuna aliyeona ni kosa. Mgeni akija tulimfundisha pa kupiga, kama unavyomwonyesha mtu choo kilipo.

Siku ya fainali ya mpira unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike nilivyoiona. Ilikuwa alasiri, sebule imejaa majirani mpaka dirishani. Baba akakuambia uongeze sauti. Ulibonyeza kitufe, picha ikajikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, mwembamba kama uzi. Watu wakapiga kelele. Baba akainuka akaitandika kofi, la pili, la tatu. La tatu ndilo lililoizima kabisa. Kesho yake fundi wa mtaani alikuja, hakufungua hata skrubu moja, akasema, "Aliyebonyeza ndiye aliyeunguza." Naona hakujua kuifungua, akahitaji neno la kusema. Baba akalichukua hilo neno, na makofi matatu yakasahauliwa mchana uleule.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikakuita Mkono wa Radi. Jina lile nililitunga mimi, Dada, sijui kama uliwahi kujua. Watu walicheka, na mimi nilipenda watu wacheke.

Halafu likakua. Pasi ikiungua, Mkono wa Radi. Pampu ikigoma, Mkono wa Radi, hata kama siku hiyo ulikuwa shule. Mwanzo tulikuwa tunatania, baadaye sijui ilikuwa lini tukaacha kutania. Na siku ile baba alipowaambia wakwe zako, shemeji akiwa hapohapo, kwamba wasikuachie chombo chochote cha umeme kwa sababu mkono wako una kisirani, nilikuwepo. Nilitazama sahani yangu. Ulisimama, ukachukua mkoba wako, ukatoka. Mwaka huu inatimia miaka saba hujakanyaga nyumba ile. Pengine una sababu nyingine ambazo sizijui. Hiyo naijua.

Runinga ya mwalimu nilikaa nayo Jumapili tatu. Nilipoiwasha ilitoa mstari uleule mweupe. Mkono wangu uliinuka wenyewe kuipiga, nikaurudisha. Nikaichomoa, nikatoa umeme, nikafungua ile bodi yake ya ndani yenye vipuri, nikaibeba hadi sokoni ndani ya taulo. Yule mama alitazama kwa kioo cha kukuzia, hakuchukua hata dakika.

"Unaona pete hapa?"

Niliiona. Kuna kipuri kimoja kinachopata moto sana. Mguu wake unapita kwenye bodi na kushikwa na tone la lehemu. Runinga ikiwashwa, mguu unatanuka. Ikizimwa, unajikunja. Miaka ikipita, lehemu inapasuka kuuzunguka, ufa mwembamba kama unywele, wa mviringo.

"Aina hii zote huugulia hapa," alisema. "Ukiipiga, mguu unagusa tena, picha inarudi, nawe unajiona fundi. Kumbe kila kofi linapanua ufa."

Nikamuuliza kama mtu anaweza kuiua runinga hii kwa kubonyeza kitufe cha sauti. Alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni ili anitazame vizuri.

"Nani amekuambia upuuzi huo?"

"Nyumbani."

"Basi nyumbani kwenu mna fundi mwongo," akasema, akaendelea na mteja mwingine.

Nilikwangua lehemu ya zamani nikatia mpya. Mstari ukafunguka, kioo kizima kikajaa chenga. Vituo vya runinga kama hizi havipo tena, kwa hiyo niliiunganisha na mashine ya kanda, na picha ikatulia saa tatu mfululizo. Mpishi alikuja akatazama, akasema picha ni ya kijivu kama supu yake ya Jumatatu. Kwake hiyo ni sifa.

Hicho kitu kwenye karatasi ni pembe ya bodi nyingine ya aina hiyohiyo, iliyokufa, ambayo yule mama alinivunjia. Ina ufa uleule mahali palepale. Kielekeze dirishani, tumia kile kioo cha shemeji cha kusomea, utaiona pete. Yetu sijaifungua, kwa hiyo siapi. Lakini mstari ni uleule na makofi ni yaleyale. Ulibonyeza kitufe cha kitu ambacho sisi sote tulikuwa tunakiua kwa miaka, na wewe ndiye uliyekigusa kwa upole kuliko wote.

Nilimpigia baba. Nilidhani nitamweleza taratibu, lakini unamjua.

"Umekwenda huko kubeba mizigo au kusomea runinga?"

"Yote mawili, baba." Nikamweleza ufa, moto, lehemu, makofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo unasema ni mkono wangu."

"Mikono yetu sote. Ila wako ulikuwa mzito."

"Mkono huu umejenga nyumba ishirini na mbili. Hakuna iliyopata ufa."

"Sijasema nyumba, baba."

Nikasikia anakohoa pembeni. Halafu akauliza, "Dada yako anajua?" Nikasema bado. "Basi mwandikie wewe. Mimi maneno ya namna hiyo siyawezi." Akakata.

Sikudanganyi kwamba amekuomba radhi. Hajaomba, na sijui kama ataomba. Ninachojua ni alichonieleza mama siku mbili baadaye. Alisema baba aliingia stoo, akaanza kuivuta ile runinga kutoka chini ya magunia, peke yake, na kifua kile. Mama akamuuliza anaipeleka wapi. "Sebuleni." Ya nini sebuleni na imekufa? "Iwekwe ilipokuwa. Na isiguswe na mtu mpaka watoto wangu waje wote wawili waifungue." Mama alipanguza vumbi, akakaripiwa hata kwa kupanguza.

Na mimi nina langu, sitaki lijifiche nyuma ya la baba. Lile jina nililolitunga naliondoa. Najua haliondoki kwa barua. Nitalikiri kosa langu mbele ya wote waliolicheka jina lile, hata wale majirani wa dirishani kama bado wako hai, na ukipenda nitalisema mbele ya wakwe zako pia. Ila siwezi kulisema wakati wewe hupo, kwa sababu nitakuwa natazama sahani tena. Kama jibu lako ni hapana, liwe hapana, sitakusumbua na wala sitamtuma mama akusumbue.

Nisalimie sana shemeji, mwambie bado nakumbuka alivyonipokonya begi stendi akalibeba mwenyewe siku nilipoondoka. Wasalimie kifungua mimba wako, anayesomea uuguzi, na wale pacha, na mama mkwe wako, ambaye siku ile alinyanyuka na kutoka pamoja nawe. Mpishi naye anakusalimu ingawa hakujui, anasema mtu aliyelelewa nyumba moja na mimi anastahili pole. Mungu akulinde wewe na hao wote, akutulizie goti, na akupe usingizi mzuri.

Likizo yangu imekubaliwa. Natoka huku tarehe 12 Desemba, na tarehe 14 asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, unitayarishie godoro la siku mbili. Tarehe 16 kuna basi la saa moja asubuhi la kwenda nyumbani, nami nitashika viti viwili. Usipotaka kuja, cha pili nitakiwekea sanduku la vifaa. Nyumbani nitafika vilevile tarehe 16, nitamsalimu baba, na sanduku sitalifungua.

Mimi mdogo wako akupendaye, tena aliyekukosea,

Kitinda mimba.