Moyo Juu ya Karatasi ya Bagia

Tukuyu

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Ipokee kama nimepiga goti hapo barazani kwako, mbele ya ule mkeka wako wa kijani. Dada Fatuma, najua ni wewe unayemsomea Mama. Shikamoo na wewe, na nakuomba usome taratibu, usiruke mistari. Kaka Hamisi mgongo wake vipi, au bado anabishana na magunia ya chumvi? Wifi Asha na kichanga chake, ameshaanza kukaa mwenyewe? Shangazi Mwajuma mwambieni viatu alivyonipa bado navivaa, ila matope ya huku yamevibadilisha rangi. Mzee Bakari jirani kikohozi kimemwachia? Na wewe mwenyewe Mama, miguu bado inavimba jioni? Unakula au unasema umekula? Usinijibu kwamba hujambo tu, niambie ulivyo.

Sisi tupo, Alhamdulillahi. Mvua ndiyo imetuwekea kambi. Mlima Rungwe hatujauona siku nyingi, ukungu umeufunika kabisa. Baba Zuhura yuko na cherehani yake pale sokoni, nami niko pembeni yake na karai langu la bagia. Watu wa huku wakipata baridi wanapenda kitu cha moto, kwa hiyo nashukuru.

Barua hii naandika mwenyewe. Siku zote mimi nasema na Zuhura anaandika, lakini hii inamhusu yeye, ndiyo maana unaona mistari inapanda kilima. Ningepiga simu. Lakini Mama, mara ya mwisho nilipotaja tu neno kupasuliwa, ulisema, "Hapana, nimeshamzika mdogo wako Amina, inatosha," ukamrudishia dada simu ukaenda zako uani. Sikulaumu. Ila leo nataka unisikilize mpaka mwisho ndipo useme. Ninachoomba ni radhi yako, mjukuu wako apelekwe Dar es Salaam akatengenezwe moyo. Baba yake alikubali zamani. Mimi ndiye niliyekuwa navuta nyuma. Sasa ngoja nikueleze kilichonigeuza.

Unajua mimi mtu wa pwani, kila kitu nakilaumu baridi. Zuhura alipoanza kuchoka nikasema ni baridi. Alipoanza kuhema akitoka kisimani nikasema ni baridi imemwingia kifuani. Nikampa tangawizi, nikampa asali, nikamvalisha sweta. Hakupona, nikaongeza la pili. Mpaka likafika la tatu, mtoto anakwenda shule kama gunia la pamba. Tulipompeleka Mbeya, daktari akampima na mashine akasema kuna kilango kimoja ndani ya moyo hakifungi sawasawa, inabidi kikatengenezwe Dar. Mimi nikaitikia, "Ndiyo daktari, ndiyo daktari." Mama, sikuelewa hata neno moja. Nilichosikia ni kifua cha mwanangu kufunguliwa. Nikarudi nyumbani nikamwongezea asali.

Basi, sikiliza mkasa. Shuleni kwao yupo mwalimu wa Baiolojia, Mwalimu Lusajo, kijana mpole ambaye ndevu zake bado zinajifikiria. Alikuwa na karatasi yenye picha ya moyo, anaifundishia kwa kile kishikwambi walichogawiwa walimu, simu pana kama kibao cha kukatia vitunguu. Karatasi yenyewe ni moja tu. Akamwazima Zuhura aje nayo nyumbani aichore kwenye daftari. Zuhura akachora, akaiacha mezani. Pale mezani ndipo ninapoweka karatasi zangu za kufungia bagia. Asubuhi nikazoa zote nikaenda nazo sokoni.

Nakwambia niliiona, Mama. Niliona kitu chekundu kina mishipa, nikadhani ni tangazo la bucha. Nikamfungia bagia Bibi Tumpe, yule mama mzee wa Ikuti anayeuza ndizi ng'ambo ya kibanda chetu.

Haukupita muda Zuhura huyo anakuja kutoka shule, midomo imembadilika rangi.

"Mama, karatasi yenye moyo iko wapi?"

"Moyo gani?"

"Moyo wa Mwalimu Lusajo!"

Baba yake akasimamisha cherehani. "Haya jamani, njooni mshuhudie. Mke wangu kauza moyo wa mwalimu, na pilipili juu."

Nikamkimbilia Bibi Tumpe. Alikuwa ameshakula bagia mbili, zilizobaki kazikunjia kwenye ile karatasi awapelekee wajukuu. Akaniangalia hivi, akasema, "Gwe Mama Zuhura, bagia umeniuzia, sasa unataka kunipokonya sahani?" Nikambembeleza, nikampa karatasi nyingine na bagia moja ya juu. Akasema, "Ndaga," yaani asante kwa kwao, akanirudishia ile ya mwalimu. Imelowa mafuta, kona moja imechanika, ila moyo wenyewe mzima.

Zuhura alikuwa anaogopa kurudi nayo peke yake. Nikasema mkosaji ni mimi, nitaipeleka mwenyewe. Karai nikamwachia baba yake, tukashika njia ya shule.

Mama, mimi ile njia ya kilimani sijawahi kupanda na mwanangu. Yeye huondoka na wenzake mimi niko kwenye moto. Tulipoanza kupanda akainama kufunga kamba ya kiatu. Tukaenda kidogo, akainama tena. Mara ya tatu nikatazama vizuri. Kamba haikuwa imefunguka. Alikuwa anapumzika, hataki nione. Nikajifanya na mimi khanga yangu imelegea, nikasimama kuifunga, nikaifunga polepole sana.

Darasani nilijiandaa kugombezwa. Nikamkabidhi mwalimu karatasi kwa mikono miwili. "Mwalimu nisamehe, moyo wako nimeufungia bagia." Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akainusa ile karatasi, akajizuia weee, naye akacheka. Akasema, "Mama, una haraka? Kaa kidogo tuone kama huu moyo bado unaamka."

Akailaza mezani, akainua kishikwambi juu yake. Hakikuona kitu, mafuta yalikuwa yanang'aa na ukungu umetia darasa giza. Wakaisogeza dirishani. Moyo ukatokea, ukatetemeka, ukapotea. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, leo moyo una presha!" Mwingine akajibu, "Si presha, ni vitunguu." Mwalimu akaweka karatasi nyeupe chini yake, akajaribu tena, safari hii ukatulia. Akanipa nishike mwenyewe kile kishikwambi, mikono yangu hii ya mafuta.

Nikwambieje Mama. Kwenye kioo naiona meza ile ile, karatasi ile ile yenye kona iliyochanika, na juu yake moyo. Umekaa wima kama papai dogo, mwekundu, unadunda. Naondoa macho kwenye kioo, mezani karatasi tu. Narudisha macho, moyo. Nikasogea kushoto, nikauona ubavu wake. Nikazunguka, nikauona mgongo. Nikapeleka mkono nishike, mkono ukagusa karatasi. Halafu nikainama kuchungulia chini ya meza.

"Mama unatafuta nini?" Zuhura akaniuliza.

"Natazama kama damu inadondoka."

Wakacheka tena, nami nikacheka nao, sikuona haya. Mwalimu akanieleza kwamba kile chombo kinaitambua picha kisha kinachora moyo juu yake humo ndani ya kioo, mezani hakuna kitu. Akagusa kidogo, moyo ukafunguka katikati kama chungwa. Ndani kuna vyumba, Mama. Vyumba na vilango, vinafunguka, damu inapita, vinafunga. Vinafunguka, vinafunga. Nilikuwa sijui kama moyo ni nyumba.

Hapo Zuhura akaja ubavuni kwangu, akaweka kidole.

"Kiangalie hiki. Kinafunga vizuri, umeona? Changu mimi hakifungi hivi. Damu inakwenda, halafu nyingine inarudi ilikotoka. Ndiyo maana nachoka."

"Nani kakwambia?"

"Daktari alituambia wote wawili, Mama. Wewe ulikuwa unaitikia ndiyo."

"Mbona hukunieleza nyumbani?"

"Ulikuwa unanivalisha masweta."

Mwalimu Lusajo akasema kwa upole, "Mama, huu ni moyo wa kufundishia, si wa Zuhura. Mimi ni mwalimu, si daktari. Rudi kwake ukamuulize sasa, utaelewa anachosema." Nikamshukuru. Wakati wa kutoka, Zuhura akanisindikiza mlangoni. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Unaogopa kupasuliwa?" Akasema, "Naogopa. Lakini kile kilima nakiogopa kila siku." Nikamvua masweta mawili pale pale, nikaondoka nayo mkononi.

Tukarudi Mbeya kwa daktari, mimi na baba yake na yeye mwenyewe. Safari hii sikuitikia ndiyo ndiyo. Nikamuuliza, kile kilango mtakishona au mtaweka kingine? Na akiwa amelala, damu itapita wapi? Daktari akaweka kalamu chini akanieleza mpaka mwisho. Akasema kwanza watajaribu kukitengeneza kile kile. Hakuniahidi, Mama, na mimi sikuahidi wewe. Akasema hatari ipo, lakini hatari ya kukaa hivi hivi ni kubwa zaidi, maana moyo unachoka kufanya kazi mara mbili. Hospitali ya Dar imeshampa nafasi, wakituita ni kuondoka. Gharama zisikukoseshe usingizi, baba yake na wenzake wa msikitini wameshazisimamia.

Sasa nasema lile linaloniuma, na dada nisomee hapa kwa upole. Mama, Amina hakuuawa na kisu cha daktari. Mimi nilikuwepo. Amina alilala ndani anaumwa tumbo huku sisi tukibishana, huyu anasema apelekwe, yule anasema tungoje Mjomba arudi atoe kauli. Aliporudi, tukampeleka, daktari akasema mbona mmechelewa. Sitaji hili kukuumiza wala kumtafuta wa kumlaumu, sote tulimpenda. Ni kwamba sitaki kumngojesha Zuhura ndani kama tulivyomngojesha yeye. Na vile vile siwezi kumpandisha mwanangu basi kwenda kufunguliwa kifua wakati wewe moyo wako umekataa. Hukunilea hivyo. Nimekwama hapo, katikati yenu wawili.

Mimi bado naogopa, usidhani nimekuwa jasiri. Nikikaanga bagia nasikia mafuta yanavyochemka, namuwaza. Lakini siku hizi nikiogopa, najua ninachokiogopa. Ni kilango kidogo, nimekiona.

Barua hii anakuletea Salumu, yule kijana dereva wa lori anayekuja huko kuchukua chumvi. Mpeni chai, ni mtoto mzuri. Nimempa na majani ya chai ya huku kidogo, na sweta moja katika yale ya Zuhura, litamfaa kichanga wa Wifi Asha akikua, ingawa huko kwenu sijui atalivaa lini. Nisalimie Kaka Hamisi, mwambie asibebe vizito. Nisalimie Shangazi Mwajuma, na Mzee Bakari atuombee dua msikitini, yeye sauti yake ni nzuri. Baba Zuhura mkweo anakuamkia. Mwalimu wa Zuhura naye ana salamu, anasema karatasi bado inafanya kazi, ila darasa zima likifika kwenye somo la moyo linasikia njaa.

Mama, ukishasomewa hii, usinipigie mimi. Mimi nitalia, na wewe utalia, na dakika zitakwisha. Mwambie dada apige, nami nitampa simu Zuhura mwenyewe. Radhi umpe yeye kwa mdomo wako, aisikie sikioni mwake, kwa kuwa moyo ni wake. Na kama ni hapana, basi mwambie yeye pia.

Simu naiweka mfukoni mwa aproni hata nikiwa kwenye moto. Tafadhali Mama, tuleteeni neno upesi, kabla Dar hawajatuita.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanaidi, Mama Zuhura