Mfuko wa Nyongo na Chupa ya Samli

Shela, Malindi

Dada yangu Zuwena,

Nakushika miguu yote miwili. Ule wa kulia unaokusumbua goti nakushika taratibu.

Kabla sijasema lolote, na kwa kuwa jambo lenyewe ni zito na halifai kukufikia kwa midomo ya watu, natangaza rasmi, mbele ya wifi yako na mashahidi wengine wawili, kwamba mimi mdogo wako Makame, mpishi wa halwa, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, nimenunua mkanda wa suruali. Ni wa kahawia. Una matundu saba, nami nafunga la tano. Tumbo langu limezishika suruali zangu tangu nilipooa, bila kudai shukrani, na sasa limeng'atuka. Karisa, mwenzangu tunayepokezana mwiko, alipouona mkanda aliinamisha kichwa kama yuko matangani akasema, "Poleni sana, Mpemba. Lilikuwa tumbo la watu."

Haya, cheka, kisha ukae kitako.

Habari za hapo Wete? Goti linasemaje? Presha umepima, au bado unaipima kwa kujitazama kwenye kioo? Na wale kuku wako wanaolala jikoni, umewatoa au wameshakuwa wapangaji? Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza, na njia ya kwetu imekuwa ya kurukaruka. Mwanao Salma amemaliza mitihani yake, anakuamkia. Nguo zake zinambana, zangu zinanipwaya. Nyumba nzima tumekuwa wateja wa fundi.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita kwenye simu ulitaja, kama mtu anayetaja bei ya ndizi, kwamba ukila chakula cha mafuta unapata maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, yanapanda mpaka nyuma ya bega, na kwamba siku hizi yamezidi. Ukasema, "Hata si kitu," ukahamia habari za kuku. Dada, tangu siku hiyo sijatulia. Maumivu hayo nayajua. Nimeishi nayo miezi, nikiyalisha na kuyavisha, na mimi pia nikisema hata si kitu. Uliwahi kuniambia kwamba simu inanisaidia kuficha, lakini nikishika kalamu mkono wangu haujui uongo. Basi vaa miwani usome, maana safari hii nataka uniamini kuliko siku zote.

Yangu yalianza baada ya Idi. Kazi yetu unaijua: sufuria ya shaba, wanga, sukari, iliki, samli isiyo na haya, na kukoroga saa mbili tatu bila kusimama, kwa sababu halwa ukiipa kisogo tu imeshashika chini. Na mpishi lazima aonje. Anaonja utamu, anaonja mvuto, anaonja kama samli imekolea, kisha anaonja tena ili ahakikishe kwamba mara ya kwanza hakukosea. Mimi katika kuonja ni mtu makini sana.

Jioni ya kwanza nilidhani ni gesi. Nikanywa maji ya ndimu, nikacheua kama ng'ombe, maumivu yakabaki palepale, kama kuna mtu ametia ngumi humo ndani na anaigeuza polepole. Baada ya saa mbili yakaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata yakarudi. Karisa akasema ni misuli. "Mwiko wenyewe mzito kama kasia," akasema, "na wewe unakorogea upande mmoja tu. Mbavu zimechoka na ubaguzi." Akanikanda kwa mafuta ya nazi mpaka nikayatamani maumivu ya mwanzo. Muuza dawa mmoja wa sokoni akasema ni vidonda vya tumbo, akanipa vidonge vya kupunguza asidi. Nikameza. Kiungulia kikapoa, lakini kule chini ya mbavu hakuna aliyepata habari kwamba dawa imeingia.

Wifi yako alikuwa na njia yake. Yeye kila asubuhi aliniita mlangoni penye mwanga, akanishusha kope ya chini, akatazama weupe wa jicho. Siku moja nikamuuliza, "Mama Salma, unatafuta nini humo?"

"Natafuta nisichotaka kukiona," akasema.

Nikamwelewa. Nawe unamwelewa. Baba yetu alituondokea macho yakiwa manjano, na ini ndilo lililompeleka. Tangu wifi yako aseme neno lile nikawa nanyoa ndevu bila kioo.

Siku niliyoanguka tulikuwa tunapika halwa ya harusi, masinia kumi na mawili. Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai kavu tu. Halwa imefika pale inapoanza kuvutika na kung'aa, mara ile ngumi ikaja na ndugu zake wote. Jasho likanitoka la baridi. Nikapiga magoti, lakini mwiko sikuuachia. Nakoroga niko chini, mikono juu, kama mtu anayeibembeleza sufuria.

"Achia mwiko!" Karisa akapiga kelele.

"Itashika chini!"

"Na wewe je, umeshika wapi?"

Akaninyang'anya mwiko, akamwita tajiri wetu alete gari, na yeye mwenyewe akabaki kukoroga. Halwa ile ilitoka nzuri kuliko zangu zote, na mpaka leo hajanipa nafasi ya kusahau.

Hospitalini nikapokewa na Daktari Sidi, mama wa Kigiriama, mwembamba, sauti yake ya upole, lakini maswali yake hayana pa kujificha. Wifi yako alikwishafika na kusimama kichwani pangu kama wakili wa upande wa pili.

"Mzee, una kikohozi? Homa? Ukivuta pumzi kifua kinachoma?"

Nikasema hapana. Akanieleza kwamba nimonia ikikaa chini kabisa ya pafu la kulia humdanganya mtu akadhani ni tumbo. Akauliza habari za mkojo, maana figo la kulia nalo huweza kuuma mpaka mbele. Akafunua shati langu kutafuta vipele, kwa kuwa ule ugonjwa wa mkanda wa jeshi huuma siku kadhaa kabla ngozi haijatoa ushahidi. Halafu akanishika kidevu akanigeuzia dirishani, akatazama macho. Hapo, dada, nilisoma kila dua uliyonifundisha.

"Macho meupe," akasema.

Wifi yako akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu Idi.

"Maumivu huja wakati gani, mzee?"

"Jioni hasa. Nikitoka kazini."

"Baada ya kula?"

"Kazini sili, daktari. Naonja tu."

"Daktari," wifi yako akaingilia, "huyu akionja, sinia hujazwa upya."

"Na nyumbani umetumia dawa gani?"

"Ndimu," nikasema. "Na vitu vya kifamilia."

Aliinua nyusi.

Akaweka vidole chini ya mbavu zangu za kulia, akabonyeza. "Vuta pumzi ndani, polepole." Nikavuta. Ilipofika nusu ikakatika yenyewe, nikamdaka mkono. Na yeye akatabasamu! Mimi nakufa, yeye anatabasamu. "Nadhani tumempata," akasema. "Lakini tusikisie. Tupige picha."

Picha yenyewe haiumi hata chembe, nakwambia hili makusudi kwa sababu nakujua ulivyo mwoga. Unapakwa jeli ya baridi tumboni, wanapitisha kidude chao kama pasi, na kwenye kioo unaonekana ukungu mtupu. Mimi nikafumba macho. Nikasikia, "Ini lako zima, mzee." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikaomba mara ya tatu, wifi yako akanifinya.

Lakini chini ya ini kuna kifuko kidogo chenye umbo la pera, ndicho kinachoweka nyongo, na kila ukila mafuta hujikamua kuitoa. Humo ndani nilikuwa na vijiwe. Vijiwe, dada! Vinne vidogo na kimoja kama punje ya mbaazi. Kifuko kikijikamua, jiwe linaziba mlango, na hiyo ndiyo ngumi, ndiyo bega, ndiyo jasho. Mdogo wako alikuwa anatembea na kokoto.

Na wameshakitoa! Zile siku uliponipigia ukaambiwa nimekwenda Mambrui kwa shemeji zangu, nilikuwa nimelazwa. Walitoboa vitundu vinne, kila kimoja hakizidi kifungo cha koti, wakakitoa kifuko na mizigo yake. Nimepewa vijiwe kwenye kichupa. Karisa amekitikisa sikioni akasema vinalia kama kayamba. Hii ni wiki ya sita. Natembea mpaka ufukweni na kurudi. Nalala ubavu wa kulia! Hujui furaha ya kulala ubavu unaoutaka. Kazini nimerudi, ila kuonja kumehamishwa kwa Karisa. Yeye huchukua ncha ya kijiko, kidogo, kama bi harusi mbele ya wakwe, na halwa inatoka vilevile. Miaka thelathini, kumbe ncha ya kijiko ilitosha.

Sasa sikiliza. Sisemi lako ni jiwe. Mimi ni mpika halwa. Huenda ni ini, huenda ni vidonda, figo, pafu, huenda ni misuli tu kwa vile goti linakutembeza upande. Ndiyo maana nakuomba uende hospitali ukapigwe picha, badala ya kukisia kama nilivyokisia mimi. Na ukiona homa, au macho yana manjano, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au maumivu yamegoma kuondoka, usingoje hata kulisha kuku. Siku hiyohiyo.

Mpe salamu zangu shemeji Hamad, mumeo, umwambie yeye ndiye nimemkabidhi kukufikisha hospitali, na kwamba akishindwa namjia mwenyewe na mkanda wangu. Mama mdogo Asha, aliyetupikia mandazi ya shule, mwambie bado nayaota. Kaka Juma wa bandarini mwambie simu yake inapokea ujumbe pia, si kutuma picha za samaki tu. Na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kama bado anawakumbuka watoro, mwambie mmoja amekuwa mtu mzima.

Hapo nilikuwa nimeikunja barua. Nimeifungua tena.

Ile chai kavu niliyoiandika huko juu si kweli. Wino umeshakauka, na sitaki kuichana karatasi nzima, basi nisahihishe hapa. Unakumbuka nilipokudokeza kwamba tumbo linanisumbua ukanitumia chupa ya samli ya ng'ombe? Ukasema niipashe, nitie pilipili manga, ninywe kijiko kila asubuhi, kama mama alivyotunywesha tukiumwa tumbo. Nilikunywa. Maumivu yakaja. Nikaona kijiko ni kidogo kwa mwili wangu, nikafanya viwili. Yakazidi. Asubuhi ya ile halwa ya harusi nilikunywa nusu kikombe. Samli nusu kikombe, dada, na jiwe liko mlangoni linangoja.

Na hiyo haikuwa aibu kubwa. Aibu kubwa ni kwamba uliponipigia kabla ya hapo kuuliza, nilikwambia, "Samli yako imeniponya." Ningesemaje vingine? Mama alipofariki wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, ukaacha shule ukanilea. Dawa ya mkono huo ningeanzaje kuisema vibaya? Nawe ulifurahi, nilikusikia ulivyofurahi, ukasema, "Basi na mimi nitaanza, maana nami huwa kunanichoma hapo." Nikanyamaza. Wewe umekunywa kijiko kila asubuhi tangu siku hiyo, kwa neno langu, na sasa unaniambia maumivu yamezidi.

Daktari Sidi nilimwambia ukweli leo nilipokwenda kuangaliwa makovu. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Na huyo dada yako, sasa hivi anakunywa nini?" Ndipo nikaja nyumbani nikaandika.

Iache samli, dada, kuanzia utakapofika kwenye mstari huu. Haina kosa, na wewe huna kosa. Kosa ni la mdomo wangu.

Chupa yako nakurudishia kwa mkono wa jirani yetu huyu anayekuja kuwatazama wazee wake. Nimeiosha kwa maji ya moto, na kwa kuwa mama hakupenda chombo cha watu kirudi kitupu, nimeijaza tende. Ukizimaliza, nawe usinirudishie tupu. Kunja karatasi ya picha yako ya hospitali, itie humo, ufunge kifuniko vizuri. Nitakuwa nasubiri hiyo chupa kuliko nilivyowahi kusubiri kitu chochote kutoka Pemba.

Ni mimi, uliyenifundisha kuandika,
mdogo wako Makame