Kisanduku Chumbani kwa Wairimu

Jumanne, Mukurweini

Wairimu, mjukuu wangu, wewe! Tangu Pasaka hujakanyaga hapa. Simu nayo hushiki, ndiyo maana nakugombeza kwenye daftari.

Leo umenitumia mwenzako wa utafiti aje kuchukua kile kisanduku cha kupima baridi ulichotundika chumbani kwako. Mlisema nyumba zenye baridi zaidi zitawekewa dari. Akaangalia kompyuta yake, akacheka.

“Cucu, nyumba yako iko na joto kuliko zote za huku! Dari itaenda kwa wengine.”

“Joto gani? Mabati yanatonesha umande kitandani kwangu.”

“Kisanduku hakidanganyi, Cucu.”

Hakidanganyi, kweli. Mjinga ni mimi. Ulisema utakuja kukichukua mwenyewe na ulale, lakini siku hukusema. Basi kila jioni nilipeleka jiko la makaa chumbani kwako, kitanda kisikupokee na baridi. Mwezi mzima! Na mimi ng'ambo ya ukuta, sweta mbili, kifua kikikoroma kama...

Sikumwambia. Ningeanzaje? Ati nilikuwa nampashia chumba joto mtu asiyekuja? Nilimfungia ndizi, na zako pia. Usipozipata, muulize yeye.

Nina hasira, Wairimu. Naogopa pia. Kifua hiki hakitamaliza baridi nyingine kama hii.

Ukija, usiniletee mkate wala sukari. Lete hicho kisanduku, ukitundike juu ya kitanda changu, halafu ulale hapo na mimi, jiko likiwa nje.